Majengo inahitaji mkutano wa Linux wa kila mwezi

Katika sekretariati za kuchapa zilizo kando ya barabara za Majengo, komini ya Karisimbi, mambo huenda hivi mara nyingi. Mwanafunzi anafika na flashi mkononi, anataka kuchapisha TFC yake kabla ya siku ya kuitetea. Flashi inaingizwa kwenye mashine. Mahali pa kurasa zake anaona majina yale yale, lakini kila akibonyeza hakuna kinachofunguka. Mwenye sekretariati anatikisa kichwa: ni virusi. Kijana wa kutengeneza anaitwa, anaformati mashine, analipwa, anaenda zake. Baada ya wiki mbili virusi vimerudi, na mwanafunzi mwingine analia.

Tatizo hilo ni la zamani, lakini tangu tarehe 14 Oktoba 2025 limekuwa zito zaidi. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao bado unaonekana kwenye kompyuta nyingi kuukuu mjini Goma. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakitumwa kila mwezi. Tundu jipya likigunduliwa leo, halizibwi tena, isipokuwa kwa yule aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, ambao nao unaisha Oktoba 2026.

Jibu la kampuni ni kuhamia Windows 11. Lakini Windows 11 inadai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za nafasi kwenye diski, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi zinazofika Goma zimetumiwa kwanza Ulaya, Marekani au Asia kwa miaka kadhaa. Kwa masharti hayo, mashine inayowaka vizuri, yenye kioo safi na kibodi kamili, inahesabiwa kuwa imekufa.

Hata anayetaka kulipa kwa haki anakutana na ukuta. Bei rasmi ya Windows 11 ya nyumbani nchini Marekani ni dola 139. Na malipo hayo yanataka kadi ya benki, katika mji ambao benki zake za biashara zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma. Tangu hapo watu wamezoea kupitisha pesa kwa simu. Pesa ya simu inanunua unga na mega. Haimsaidii sana mtu wa Majengo kununua kibali cha programu kutoka Marekani. Ndiyo maana wengi wanabaki na Windows ya wizi, iliyonakiliwa na kunakiliwa tena, na mara nyingine ni nakala hiyo hiyo inayoleta virusi.

Kuna njia nyingine, na haihitaji kadi. Inaitwa Linux. Lakini Linux haijifundishi yenyewe, na hapo ndipo mkutano wa kila mwezi unapohitajika.

Programu inayofanana na chukudu

Chukudu ni kitu ambacho kila mkaaji wa Goma anakijua, na mji umekijengea sanamu. Anayetaka kutengeneza chukudu hahitaji kuomba ruhusa kwa yeyote. Anaangalia ya mwenzake, anapima mbao, anachonga yake. Akiona gurudumu linakwisha haraka, analifunga mpira. Akiona breki haishiki, anaibadilisha. Jirani akipenda badiliko hilo, naye analichukua. Hakuna kampuni iliyokataza kufungua chukudu ili kuona ndani yake mna nini.

Linux inafanya kazi kwa roho hiyo. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta wa bure, kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya kibali cha GPL, kilichoandikwa na Mmarekani Richard Stallman, aliyekuwa ameanzisha mradi wa GNU mwaka 1983. Kibali hicho kinampa kila mtu haki nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kuwagawia wengine. Programu za namna hiyo huitwa programu huria.

Haki ya nne ndiyo yenye uzito kwa mji kama Goma. Mtu mmoja akipakua Linux kwa mega zake, anaweza kuinakili kwenye flashi za watu mia moja, na hakuna sheria aliyovunja. Kugawana hapa kunaruhusiwa tangu mwanzo. Kati ya mwaka 2005 na 2011 kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilifika hata kutuma CD za Ubuntu bila malipo kwa posta kwa walioziomba sehemu mbalimbali za dunia. Siku hizi CD zimekwisha, lakini flashi zipo kila mahali.

Matoleo ya Linux ni mengi, na si yote yanayofaa mashine ndogo. Linux Mint, kwa mfano, inaweza kuanza na gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa watengenezaji wake wanashauri 4. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, inaweza kuwekwa pamoja na sura nyepesi ambayo haichoshi mashine ya zamani. Haya yote yanaweza kuonjwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mashine: mtu anawasha, anaangalia kama sauti, kioo na mtandao vinafanya kazi, anazima, na Windows yake anaikuta pale pale alipoiacha.

Watu wanaitumia bila kuijua

Mtu anayesema Linux ni ya Wazungu au ya wataalamu peke yao atoe simu mfukoni. Ikiwa ni Android, kiini chake ni Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa na Linux.

Karibu zaidi na nyumbani, vijana wengi wa Goma wameshafanya ankete za mashirika ya kibinadamu kwa kutumia KoboToolbox. Hiyo ni programu huria. Takwimu za afya za Congo zinakusanywa katika DHIS2, chombo kilichozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, nacho ni programu huria. Ushahidi, iliyotengenezwa Kenya Januari 2008 ili kukusanya habari za machafuko ya baada ya uchaguzi, ilitumika pia kufuatilia vita vya mashariki mwa Congo mwishoni mwa mwaka huo huo. Na Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ikasimama Buhene, kwenye mlango wa kaskazini wa mji, ramani huria ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, ilikuwa kati ya vyombo vilivyowasaidia wafanyakazi wa misaada.

Kwa hiyo vijana wa Majengo tayari wanafanya kazi juu ya vyombo hivi. Wanabonyeza, wanajaza fomu, wanatuma. Lakini nani anapanga fomu? Nani anasimamia seva? Nani anaitwa inapokwama? Mara nyingi ni mtu kutoka Kinshasa, Nairobi au mbali zaidi, na mshahara wa kazi hiyo unaenda alipo. Anayejaza fomu hupata kazi ya siku chache. Anayejua seva hupata kazi ya miaka. Tofauti kati ya hao wawili ni elimu, na sehemu kubwa ya elimu hiyo huanza na Linux.

Yaliyofanyika kwa majirani

Afrika Mashariki si mgeni katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua na kupiga hesabu katika programu ya ofisi ambayo vibonye vyake vyote vilisema Kiswahili. Kampuni kubwa zilikuja na tafsiri zao za Kiswahili baadaye.

Uganda, watumiaji wa Linux walijikusanya katika kundi lao na kusaidiana kwa miaka. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, kilichopo Nkozi, kilihamishia kompyuta zake kwenye programu huria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kenya, mhandisi Dorcas Muthoni aliwakusanya wanawake wa fani hii katika kundi la LinuxChix Africa, ambalo baadaye likawa AfChix, na mwaka 2014 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya watu walioijenga intaneti duniani. Nairobi ilipokea mwaka 2006 mkutano wa Idlelo, wa watu wa programu huria barani Afrika.

Katika hayo yote kuna fundisho moja kwa Goma. Programu huria hubadilika kila mwaka: toleo jipya linatoka, maneno mapya yanaongezeka, tafsiri ya zamani inapitwa. Mradi wenye mfadhili una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga. Kinachobaki baada ya tarehe ya kufunga ni watu waliozoea kukutana. Pale ambapo mazoea hayo yapo, kazi inaendelea hata mfadhili akiondoka. Pale ambapo hayapo, inabaki picha ya siku ya uzinduzi.

Mkutano wenyewe uwe wa namna gani

Makundi ya watumiaji wa Linux yalianza kutokea duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mtindo wao haujabadilika sana. Watu wanakutana mara moja kwa mwezi, siku inayojulikana, mahali panapojulikana. Kwa Majengo, siku ya posho ya mwisho wa mwezi, baada ya salongo, ingefaa. Wanafunzi hawana darasa, na wafanyakazi wengi wamepumzika. Mkutano uanze mchana na umalizike mapema, ili wasichana na wanaokaa mbali wafike nyumbani kungali na mwanga. Mkutano unaoisha usiku umewafukuza nusu ya watu kabla ya kuanza.

Sehemu ya kwanza iwe ya matatizo. Kila mmoja anakuja na mashine yake iliyokwama, na wanaojua wanakaa na wasiojua. Kanuni moja isivunjwe: mwenye mashine ndiye anayebonyeza. Fundi akichukua kibodi na kumaliza kazi peke yake, ametengeneza mashine moja na hajamfundisha mtu. Na kabla ya kuweka mfumo mpya, faili zote za mwenye mashine zinakiliwe mahali pengine na zihakikiwe kwamba zinafunguka. Kundi likipoteza TFC ya mtu mmoja, kartie nzima itasikia kabla ya jioni, na mkutano wa mwezi ujao hautakuwa na watu.

Sehemu ya pili iwe ya somo moja tu. Mwezi wa kwanza, kuonja Linux kutoka kwenye flashi. Wa pili, kuiweka kwenye diski, peke yake au pamoja na Windows. Wa tatu, kuandika kazi ndefu katika LibreOffice, kwa kutumia mitindo ya vichwa ili orodha ya yaliyomo ijitengeneze yenyewe; somo hilo peke yake lingewaokoa wanafunzi wengi wanaolipia kupangiwa kurasa. Wa nne, kutunza nakala za akiba. Wa tano, amri za kwanza za kuandika kwa mkono: kuona faili, kuzinakili, kuzihamisha, kuzitafuta. Wa sita, mtandao mdogo wa ofisi na mashine ya kuchapisha inayotumiwa na wengi. Baada ya miezi sita wale wenye kiu wanaweza kuanza seva, na hata kujiandaa kwa mitihani ya Linux Professional Institute, taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa mwaka 1999 na ambayo vyeti vyake vinajulikana na waajiri nje ya nchi.

Lugha iwe ile ya watu. Programu nyingi zipo kwa Kifaransa, na kibodi za AZERTY zinakubalika bila taabu. Lakini maelezo yakitolewa kwa Kiswahili, mama anayeuza na kuweka hesabu zake, au kijana aliyeacha masomo katikati, naye ataelewa. Akielewa, atarudi.

Intaneti isiwe kisingizio. Mtu mmoja au wawili wanaweza kupakua mfumo na programu zake usiku mmoja mahali penye mtandao mzuri, wakaweka vyote kwenye diski ya nje ya kundi. Kwenye diski hiyo hiyo unaweza kuwekwa Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili kwa kutumia Kiwix, isomwe bila mtandao. Wakaaji wa Congo hawajasahau kwamba kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku 20. Aliyekuwa na elimu yake kwenye diski aliendelea kusoma.

Umeme ni swali gumu zaidi. Goma ina bahati kuliko miji mingi ya Congo: bwawa la Matebe la Virunga, katika wilaya ya Rutshuru, limetoa umeme tangu Desemba 2015, na kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini mwaka 2020. Lakini Januari 2025 vita vilipokaribia, mji ulikaa gizani. Kundi lipange somo ambalo linaweza kufuatwa kwa betri za kompyuta za mkononi kwa saa mbili. Umeme ukiwepo, ni faida. Usipokuwepo, somo lisihairishwe.

Tatizo la perdiem

Kuna jambo ambalo watu wa Goma wanalijua na hawapendi kulisema kwa sauti. Kwa miaka zaidi ya ishirini mji huu umejaa mafunzo ya mashirika. Mwalimu analetwa, chakula kinagawiwa, mwishoni kila mmoja anapewa pesa ya usafiri na cheti chenye muhuri. Wengi wamejifunza mengi huko, na si haki kuyadharau. Lakini mazoea yamebaki: mtu akialikwa kwenye somo, swali lake la kwanza ni nani anayelipa usafiri.

Mkutano wa Linux ukianza kwa perdiem, utakufa siku perdiem itakapokwisha. Basi uanze bila hiyo. Mfano upo tayari ndani ya nyumba za Majengo. Wamama wa likelemba na wa AVEC wanakutana bila kulipwa na mtu. Wana siku yao, daftari lao, sanduku lao na adhabu kwa anayechelewa. Wanakuja kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake itafika. Kundi la Linux linaweza kuiga hayo yote: mchango mdogo wa mafuta ya jenereta au wa kukodi ukumbi, daftari la mahudhurio, na zamu. Leo fulani anafundisha, mwezi ujao ni yule aliyejifunza leo.

Zamu ni muhimu kuliko pesa. Makundi mengi ya vijana hufa kwa sababu yalimtegemea mtu mmoja hodari. Huyo akipata kazi Kampala au akihama na familia yake, funguo, diski na majina ya wanachama vinaenda naye. Kila somo liandaliwe na watu wawili, na kila kitu cha kundi kijulikane kilipo na angalau watatu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kwa hali ya sasa, kundi lijitambulishe mapema kwa shefu wa kartie: ni nani, wanakutana wapi, saa ngapi, wanafanya nini. Milango iwe wazi. Mkutano wa kujifunza kompyuta hauna la kuficha, na vijana wasiingizwe katika mashaka kwa sababu ya kutokusema jambo rahisi kama hilo.

Wanaopinga wana hoja

Si kila anayekataa Linux ni mvivu. Matangazo ya kazi ya mashirika mjini yanadai Word na Excel. LibreOffice inafungua faili hizo, lakini kurasa zenye majedwali na picha nyingi wakati mwingine zinavurugika, na Excel yenye makro huenda isifanye kazi. Mhasibu anayetumia Sage au mchoraji anayetumia AutoCAD hatapata programu hizo hizo kwenye Linux. Mashine fulani za kuchapisha hukataa kutambulika. Anayesema Linux inamaliza kila tatizo anadanganya, na uongo huo ndio unaowafanya watu warudi Windows kwa hasira baada ya wiki moja.

Jibu la haki ni kuchagua kulingana na kazi. Mhasibu abaki na Windows yake, lakini awe na nakala za akiba. Sekretariati yenye mashine tatu inaweza kuweka Linux kwenye moja, ile inayopokea flashi za wateja. Virusi vingi vinavyozunguka kwa flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux haviwaki. Faili zilizofichwa huonekana, huokolewa, na hupelekwa kwenye mashine nyingine zikiwa safi. Hatua hiyo moja haidai mtu kuacha chochote, na mteja ataiona faida yake siku hiyo hiyo. Shule yenye kompyuta kumi kuukuu zisizokubali Windows 11 inaweza kuziweka Linux zote, kwa kuwa mwanafunzi anayeanza anahitaji kujifunza kuandika, kuhesabu, kutafuta na kupanga, na hayo yote yapo.

Wengine watasema wakati wa vita na njaa si wakati wa kuzungumzia kompyuta. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna anayeweza kumjibu kwa dharau mtu asiyejua atakula nini jioni. Lakini Goma haijawahi kupata mwaka mtulivu wa kusubiria. Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, na watu wakajenga upya juu ya lava. Vijana waliosubiri hali itulie ili wajifunze wamezeeka wakisubiri. Na kazi zinazofanywa kwa kompyuta ni kati ya chache ambazo hazihitaji barabara iwe wazi wala uwanja wa ndege ufanye kazi.

Kila mmoja ana sehemu yake

Vyuo vya mji, vikiwemo UNIGOM, ULPGL na ISIG, vina wanafunzi wa informatika ambao wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya walichosoma. Chuo kinaweza kutoa ukumbi mara moja kwa mwezi, na kukubali kazi za mwisho wa masomo zinazotatua tatizo la kweli la kartie, kama vile kuhamisha maabara ya kompyuta ya shule moja au kutafsiri programu moja kwa Kiswahili cha hapa.

Parokia, misikiti na shule zina vyumba ambavyo siku ya posho mchana vinakaa tupu. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, viti ishirini na tundu moja la umeme kinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Mashirika ya kibinadamu hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache. Zile zinazoachwa kwa sababu ya Windows 11 zisifungiwe stoo hadi zioze. Diski zifutwe vizuri ili siri za watu zisitoke, kisha mashine zipewe shule na makundi kwa orodha iliyo wazi. Zawadi hiyo inadumu kuliko semina ya siku mbili.

Wenye sekretariati na mafundi wa barabarani wasiogope kwamba Linux itawanyang'anya mkate. Fundi anayeformati mashine ile ile mara tano kwa mwaka anapata pesa kidogo na lawama nyingi. Anayejua kuokoa faili, kuunganisha ofisi na kusimamia seva anaitwa na wateja wakubwa. Hao mafundi ndio wangekuwa walimu wa kwanza, kwa kuwa wanajua magonjwa ya mashine za Majengo kuliko profesa yeyote.

Wazazi nao waelewe kwamba kijana anayeketi mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe hachezi. Anajifunza kazi. Na binti akitaka kwenda, aruhusiwe kama kaka yake.

Kuanza hakuhitaji mengi: watu watano, flashi mbili, chumba cha kuazima na siku moja inayojulikana. Mwezi wa kwanza huenda waje saba tu, na wawili kati yao waondoke mapema. Waliobaki waandike majina yao kwenye daftari, wakubaliane somo la mwezi ujao na nani atakayelifundisha, kisha warudi siku ile ile waliyosema. Mwanafunzi wa mwaka ujao atakapofika sekretariati na flashi iliyoharibika, awepo mtu Majengo wa kumwambia: lete, faili zako bado zipo.